Irabu ya Mwisho

Kosa lilikuwa langu, nalikiri mapema.
Ukurasa wa tisini na sita, mstari wa nne kutoka chini:
yeye aliandika Ostap,
mimi nikachapa Ostapu.
Kidole kilikwenda chenyewe.
Ulimi wetu humpa kila mgeni irabu ya kutokea;
hata kitabu kilifika kwetu bila u,
tukakifungulia mlango, kikakaa.

Danilo Mazigo.
Baba Mkerewe wa Nansio, alikwenda Kharkiv kusomea mitambo;
mama ni wa huko, na kaburi lake liko huko.
Yeye alishuka Mwanza na vidole vitatu mkono wa kushoto,
sikio moja linalosikia, daftari nne.
Akapanga chumba Mabatini, nyuma ya fundi cherehani,
akanunua mashine iliyozoea risiti na kadi za harusi,
akaandika ubaoni kwa rangi nyeusi:
HANDAKI, WACHAPISHAJI.
Wiki nzima watu walikuja kuuliza
bei ya kuchimba choo.

Radi ya Mwanza haibishi hodi.
Ikipiga kule Bugando, mawe yote ya mji huitikia,
na Danilo huwa keshaingia chini ya meza,
karatasi mkononi, kalamu mdomoni,
anaendelea kusahihisha.
Mimi humpelekea chai hukohuko.
Hatujawahi kulizungumza.

Aliandika: theluji ilianguka kama pamba ya Magu.
Nikafuta. Pamba, nikamwambia,
ina msimu, ina mizani, ina karani wa kukupunja kilo.
Hiyo yako ilikuwa na nani?
Akakaa nalo mpaka jioni.
Akaandika: theluji ilianguka.
Neno shujaa alilifuta mwenyewe,
mara kumi na moja, nilihesabu.

Basi vitabu vikarudi kwa mfungaji, mia tatu,
vinanuka gundi, vina joto kama mikate.
Akachukua kimoja, akafungua moja kwa moja
tisini na sita.
Hakufoka. Heri angefoka.
"Sema p," akaniambia.
Nikasema pu.
"P."
Pu.
"Tazama midomo yangu. Inafumba. Inabaki hivyo.
Nilikuwa namwita.
Nilipofika kwenye p, hayupo."

Siku tatu tulikata vipande vya karatasi
urefu wa punje mbili za mchele,
jina moja kila kipande, bila irabu ya mwisho.
Wembe, gundi, kibano cha nyusi cha mke wa fundi.
Fundi mwenyewe, Lufungulo, akaacha suti ya bwana harusi
haina mkono mmoja, akaja kubandika;
macho yake yamezoea tundu la sindano.
Usiku wadudu wa ziwani waliingia kwa maelfu kufuata taa,
wakaanguka mezani, wakanasa.
Kuna nakala moja, sijui ipi,
yenye bawa chini ya jina.

Vidole vyake vitatu vilikuwa vyepesi kuliko vyangu kumi.
Hakuniambia nimekusamehe.
Alinisogezea gundi.

Nakala ya kwanza ilikwenda kwa Ng'washi, muuza dagaa wa Mwaloni,
nusu bei taslimu, nusu dagaa.
Alisimama mlangoni, beseni kichwani,
akafunua huku na huku, kama anayekagua magunia,
mpaka kidole gumba kikagusa mahali palipotuna.
"Hapa pana kovu," akasema.
Kisha akasoma, kwa ile sauti
inayotoka nchi kavu kuita mtumbwi ulioko mbali:

"Ostapuuu."

Nikafumba macho.
Mashine ilikuwa imezimwa. Hata cherehani ya Lufungulo ilinyamaza.
Danilo akageuza kichwa polepole,
akaleta upande wa sikio lile zima.

"Rudia," akamwambia.